Kofia ya Fundi Mstari wa Mbele

Kwa miaka ishirini Bi Purukushani aliigiza vichekesho, kuanzia kumbi za viti vya kukunja mpaka televisheni, na siri yake ya kazi ilikuwa moja tu: kusubiri. Ukishasema la kuchekesha unanyamaza, watu wacheke wee, na kicheko kikianza kushuka ndipo unaachia neno la pili. Ukiwahi, linamezwa. Ukichelewa, limepoa.

Kisha masikio yakaanza kumtupa mkono. La kushoto lilitangulia, la kulia likafuata taratibu. Kifaa alichopewa hospitali kilimfaa nyumbani, watu wawili watatu wakizungumza. Ukumbini kilimletea vurumai tupu. Akaacha maigizo, akasingizia uchovu, akajifungia kwenye chumba cha cherehani cha mumewe na kuandika kitabu cha maisha yake jukwaani. Masikio hakuyagusia hata mstari mmoja. Kitabu kikapendwa, na huku na kule wakaanza kumwita akazungumze.

"Wakijua watanionea huruma," alimwambia mumewe. "Na mtu anayeonewa huruma hachekeshi."

Mumewe, fundi cherehani asiye na maneno mengi, ndiye aliyepata dawa. Alikaa mstari wa mbele. Watu wakicheka, anavua kofia. Kicheko kikishuka, anavaa. Upara wake uling'aa vizuri mno, Mungu ambariki. Wakaenda hivyo mwaka mzima, shule hii, ukumbi ule, na hakuna aliyeshtuka.

Mpaka siku ya mkutano wa wauguzi. Wenyeji, kwa heshima zao, walimshika fundi mkono. "Mzee wetu, njoo huku nyuma kwenye feni, upumzike." Mstari wa mbele wakaketi wageni rasmi, watu ambao hawacheki mpaka mkubwa wao aanze.

Taa za jukwaani zilimtia Bi Purukushani kiwi. Zaidi ya mstari ule hakuona kitu. Alitoa kichekesho cha kwanza, akatafuta upara, hola. Akaendelea kuongea, na akaona mgeni rasmi mmoja ametega sikio kwa kiganja, maana maneno yamezama kwenye kicheko. Baada ya kichekesho cha pili akasubiri, akasubiri, mpaka wale wa mbele wakaanza kutazamana. Jasho likamtoka. Angeweza kusingizia kizunguzungu akashuka, na hapo ndipo kazi yake ingeishia.

"Naomba mwashe taa za huko ukumbini," alisema.

Zikawashwa. Akawaona wote, mia mbili na ushei, na kule nyuma mumewe amesimama, kofia mkononi, amechanganyikiwa.

"Jamani, mimi sisikii. Mwaka mzima yule bwana pale ananisikilizia vicheko vyenu kwa kuvua kofia. Mafua hayamwishi. Leo mmemficha, basi mnisaidie wenyewe. Mkicheka, nyosheni mikono."

Mikono ikapanda, mstari kwa mstari, hata ya wageni rasmi. Bi Purukushani hakuwa amewahi kukiona kicheko chote kwa macho. Akakisubiri kama alivyozoea, bila haraka, mpaka mikono ikaanza kushuka. Wa mwisho kushuka ulikuwa wa mumewe, na yeye hakuwa akicheka.