Msaada wa Chumba cha Nne

Ofisi nzima ilimwita Cherehani kwa jinsi alivyopiga chapa. Wanaapa nzi wa ofisi ile walikufa kwa kukosa pa kutua. Lakini kompyuta ya kwanza ilipoletwa, vidole vikamganda. Kila alipokwama alibandika kidole chenye wino kwenye kioo: "Hapa je? Na hapa?"

Fundi wa programu, bwana mmoja waliyemwita Miwani, akachoka kupangusa. Akatengeneza kitufe: unakibonyeza, unaelekeza mshale kwenye kisanduku kilichokushinda, maelezo yake yanatokea. Maelezo yenyewe aliyatunga Cherehani, kwa mdomo wake uleule.

Miaka ikayoyoma. Cherehani alishakuwa na wajukuu na magoti mabovu, Miwani alipomjia uso umemshuka. Kampuni moja kubwa ilikuwa na hataza, ile karatasi ya serikali inayosema uvumbuzi ni wako, na uvumbuzi wenyewe ni njia ileile ya kuomba msaada. Sasa inamshtaki.

"Mimi mwizi, dada? Uzeeni huku?"

"Wewe uliniibia penseli tu. Hili tulilifanya pamoja."

Mahakamani wakaiwasha kompyuta kuukuu ya Miwani, ikanguruma kama lori linalopanda mlima. Cherehani akasikia tena mashine kumi za chapa zikilia pamoja, na vicheko vya wenzake ambao wengi sasa wako udongoni.

Kioo kikaonyesha tarehe ya programu, ya zamani kuliko hataza. Wakili wa kampuni akatabasamu. "Tarehe ya kompyuta hubadilishwa, mama yangu."

"Ngoja basi, mwanangu." Akabonyeza kitufe, akaelekeza mshale kwenye kisanduku cha anwani. Maneno yakajitokeza: *Andika mteja anapoishi, siyo anapojidai anaishi. Ukikwama, muulize Mama Faili, chumba cha nne. Usiende mikono mitupu, anapenda karanga.*

Mama Faili alikuwa karani wa masjala. Alifariki mwaka ambao chumba cha nne kilibomolewa kupanua barabara, miaka sita kabla ya kampuni kuomba hataza. Kumbukumbu za manispaa zilikuwepo mezani.

"Nani amwelekeze mtu kwa marehemu," Cherehani akauliza, "tena katikati ya barabara, agongwe na gari?"

Wakili akafunga mkoba wake. Hakimu akatamka kwamba njia ile ilitumika zamani, hataza haina nguvu, na Miwani hakuiba.

Miwani akanyoosha mkono kuzima mashine.

"Acha kwanza," Cherehani akasema. Akaelekeza mshale kwenye kisanduku cha simu, akasoma, akacheka peke yake. Akaenda cha jina. Hakimu, aliyekwisha kusimama, akatazama saa, akaketi tena.