Juisi Iliyotokea Ubavuni kwa Baba

Wadau, baba yangu alikunywa juisi nyekundu, ikatokea ubavuni.

Si uchawi, tulieni.

Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya umio, ile njia ya chakula. Wakakata sehemu mbovu, wakalivuta tumbo juu, wakaliunga na umio uliobaki. Siku chache baadaye maungio yakaanza kuvuja ndani ya kifua. Homa ikapanda, tukadhani ndiyo basi.

Wakamwekea mpira ubavuni wa kutoa uchafu hadi kwenye mfuko, na mwingine wa kumlisha moja kwa moja kwenye utumbo. Kwa mdomo, marufuku hata tone mpaka tundu lizibe.

Sasa baba ni fundi cherehani. Alipoambiwa tatizo ni mshono, aliona fani nzima imetukanwa. Akauliza wametumia uzi gani.

Mlinzi wa marufuku hiyo alikuwa mama. Mkoba wangu aliupekua mlangoni, mimi mtoto wake wa kumzaa! Shangazi alikuja na maji yake ya kunywa, akaambiwa akanywee nje.

Asubuhi moja nesi akakuta mfuko mwekundu. Akaita madaktari, wakaja mbio. Nikalia kama mtoto.

Daktari wa upasuaji akauinua mfuko, akaunusa.

"Mzee, damu yako inanukia stroberi."

Baba akatazama dari. "Nilikuwa naujaribu mshono, daktari. Nilijua umeshika."

"Haujashika. Bila huu mpira, hiyo juisi ingekuozesha kifua."

Siku hiyohiyo wakampitishia bomba dogo la wavu mdomoni, likaenda kuziba tundu kwa ndani. Mimi huku nje nawaza. Yaani nimpoteze mzee wangu kwa juisi ya boksi?

Nikaanza upelelezi. Mtuhumiwa nilikuwa naye tayari: shangazi. Nikamtumia ujumbe mkali, mrefu, wenye maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Mama akaniona naandika, akakaa chini.

"Mwanangu, mwache wifi yangu. Juisi nilimpa mimi. Kila nikila peke yangu, chakula hakishuki."

Nikamkumbatia, kisha nikamnyang'anya ulinzi.

Tundu limeziba. Baba sasa anakula supu, kijiko kimoja kimoja, na mama pembeni yake na sahani yake. Shangazi hapokei simu zangu.

Somo: mgonjwa akikatazwa kula, msimpe mkewe ulinzi. Mpeni wifi mtu.