Sketi Tatu za Zambarau

Swali lililoninyima usingizi Jumamosi ile naona aibu hata kulitaja: hivi zile sketi tatu za kwaya zilipita kwenye cherehani, au zimeondoka na bandi tu?

Nilikuwa na mwezi mmoja kwa Mama Kulwa, fundi wa Itetemia aliyenipokea baada ya shahada yangu kukaa mwaka mzima kabatini. Maneno ya ushonaji nilikuwa nayo daftarini, nimeyapigia mstari kwa rula: pindo, mshono, na bandi, yaani ule mshono wa mkono wa kushikiza kitambaa kwa muda hadi cherehani ipite (nilikariri kama wa mtihani).

Basi Mama akanipa sketi tatu kati ya kumi na mbili, akasema, "Piga bandi kwa uzi mweupe, msomi wangu." Mimi nikakaa nikawaza, uzi mweupe juu ya zambarau si utaonekana kama makovu, mteja akipita je, nikachukua uzi wa zambarau, na kwa wasiwasi wangu nikashona mishono midogo midogo, iliyonyooka, hadi nikajipongeza. Kumbe weupe ule ndio unaomwonyesha fundi kazi ambayo haijakwisha! Mama aliposhona zake akazichanganya zote, akanipa nipige pasi, na mimi mwenyewe nikashindwa kujua zangu ni zipi. Kumuuliza nikaona haya. Zikaenda.

Jumapili kwaya ikasimama. Ubeti wa kwanza, salama. Wa pili wakaanza kuyumba, kulia, kushoto, na pindo la Mama Neema likashuka taratibu, kisha ubavu ukafunguka, gagulo lake la maua likatoka nje kabisa, naye akaendelea kuimba huku ameikamata sketi kwa mikono miwili. Nikajiambia labda ni moja tu. Ikafuata ya pili. Mzee aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza, "Hii ndiyo mitindo ya siku hizi?" Nikamjibu ndiyo (kwa nini nilimjibu ndiyo, sijui).

Nje, kina mama wakamzunguka Mama Kulwa.

"Macho yamekwisha, dada. Sare za Pasaka tutampa fundi wa mjini."

Mama hakubishana. Aliushika ule ubavu uliofunguka, akausogeza karibu na pua, akaupeleka mbali, akaurudisha. "Niliziangalia zote," alisema polepole. "Nikaona zimekwisha. Labda kweli."

Nikawaza, nikisema atanifukuza. Nisiposema atafunga cherehani yake kwa kosa langu. Au nimwambie kesho, tukiwa wawili? Lakini kesho sare zingekuwa zimeshahama. Miguu ikatangulia, mimi nikaifuata.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba."

"Macho yake ni mazima. Sketi hizo nilipiga bandi mimi, kwa uzi wa rangi ileile ya kitambaa. Aliniambia mweupe, sikumsikiliza. Nilikuwa na wasiwasi, nikanyamaza."

Halafu Mama Neema akasema, "Sasa gagulo langu lililoonwa na kanisa zima, baba, utalirudishaje ndani?"

Wakaangua kicheko. Nilimtazama Mama Kulwa, nikisubiri anifukuze mbele yao wote, lakini alikuwa ameshusha pumzi ndefu, ameweka kiganja kifuani.

"Kumbe naona," alisema.