Tumbo la Afande Marcelino

Simu ya hospitali ilinikuta juu ya ngazi nashusha masufuria. Daktari Nirali akasema mume wangu amekubaliwa upasuaji wa tumbo. Nilivyoshuka ngazi ile sijui. Nilipiga kigelegele katikati ya Mtaa wa Sikukuu mpaka wateja wakadhani tumeshusha bei. Acha wadhani. Miaka yote hiyo namwombea huyu mtu, halafu siku yake imefika nitulie kwa sababu gani?

Mume wangu ni Marcelino, baba wa binti yetu Vicky. Kariakoo wanamwita Afande, maana alikuwa mwanajeshi mpaka alipostaafu, na duka letu la vyombo analiendesha kijeshijeshi. Sahani mstari, mabeseni mstari, na mimi ningemwachia angenipanga mstari. Alitoka Kibosho kijana mwembamba kama ufito. Jeshini wakampeleka kulinda amani nchi za watu, akaona mambo ambayo mpaka leo hajanisimulia, akarudi na kiu. Wala si ya maji. Alikunywa mpaka nikawa naijua harufu yake kabla sijasikia hatua zake. Nilimfukuza, nikamrudisha, nikamfukuza tena. Mimi si malaika, na nyumbani kwangu sufuria zilikuwa na kazi zaidi ya kupikia.

Mungu si Athumani, akaacha. Alikwenda kukaa kwenye nyumba ya waraibu kule Kigamboni, akatoka hagusi tone. Ila mdomo ulikuwa umezoea kazi. Mkono uliokosa glasi ukashika kitimoto, ukashika chipsi mayai, ukashika soda baridi moja baada ya nyingine. Tukasema heri ale, na tukamjaza sisi wenyewe kwa mikono yetu. Akanenepa mpaka sukari ikapanda, magoti yakagoma, akawa analala amekaa kwenye kochi maana akilala chali pumzi inakatika. Na mimi nipo macho namsikiliza, nangoja irudi. Kila mara nilijua ipo siku haitarudi.

Daktari Nirali ni binti wa Kihindi wa Upanga, Kiswahili chake cha Bongo kinanishinda mimi. Alituketisha, akamwambia mume wangu bila kumung'unya maneno.

"Mzee wangu, nitakukata tumbo libaki kama ndizi moja. Utakula kidogo utashiba, utapungua, na sukari itashuka. Lakini tumbo la hivyo likipata pombe, linaipeleka kwenye damu mbio, na wengine waliowahi kuwa waraibu wanarudi walikotoka. Ukionja hata funda moja kabla ya siku yako, niambie ukweli. Sitakukata."

Akanigeukia. "Na wewe mama, usimsemee. Akipewa pombe, hapana aiseme mwenyewe, maana huko mbele hutakuwa naye kila saa."

Kunyamaza, mimi? Nilichoka. Lakini nikaapa.

Wiki za mwisho aliambiwa asitafune kitu, ini lipungue. Ni vya kunywa tu: maziwa, supu iliyochujwa, uji mwepesi. Basi Afande akawa anakunywa uji dukani kama mzazi, majirani wanamuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume, naye anacheka mpaka meza inatikisika. Tulikuwa na furaha ya watu wanaosubiri harusi. Shati la kanisani likaanza kufunga kifungo cha chini. Nikawa siachi kulitazama.

Sasa waambie ndugu zake wa Kilimanjaro kwamba mtu anatakiwa anywe tu, halafu uone watakachosikia. Jumapili ile ya kulazwa, baada ya misa, ukoo ulijaa sebuleni kwetu Ilala. Shangazi Selina, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea. Alikuwa ameshuka kwenye basi na dumu la mbege.

"Daktari si kasema vya kunywa?" akatuuliza. "Hii ni ndizi na ulezi. Ni chakula."

Na ukoo mzima ukaitikia, kweli kabisa, mbege si pombe. Yesu na Maria. Ni pombe, jamani, inalewesha kama nyingine zote.

Akajaza kata ya kibuyu, akaonja yeye kwanza mbele ya watu. Kwetu Kilimanjaro anayekupa pombe huionja kwanza, uone haina sumu. Ukiikataa baada ya hapo, umemwita mchawi. Marcelino akaipokea kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu," shangazi akasema, "ukapasuliwe na baraka zetu."

Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Niliona pua yake inafunguka, koo linapanda na kushuka. Nilitamani kuipiga teke ile kata ikatue Magogoni. Nikauma upindo wa kitenge changu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, maana akinywa tunakosa upasuaji leo, na yeye mwenyewe nitamkosa kesho.

Akaishusha kata magotini. "Shangazi," akasema, sauti ndogo mno kwa mwili ule, "mimi ni mlevi."

Akaitazama sebule nzima.

"Mlikuwa mnaambiwa naumwa malaria. Haikuwa malaria. Sasa sinywi, lakini ulevi haujatoka, umekaa humu unanisubiri. Nikionja hii sitaishia kwenye kata. Nitamaliza dumu, nitatoka kutafuta nyingine, na hospitali siendi. Sisemi umetia sumu, shangazi. Wewe umenilea. Ni mimi nisiyeiweza."

Mjomba mmoja akaguna. Shangazi akaichukua kata, nikajua sasa inakuja laana. Nikajiandaa kumjibu, kiapo au si kiapo.

"Baba yako alikuwa akiiona kata analia," akasema. "Sisi tunasema ni raha hiyo, tunamjazia. Ile ya mwisho nilimpa mimi. Nikaonja, nikampa. Hata siku moja hakuniambia haya uliyoniambia wewe."

Akainuka, akaenda na kata bafuni, tukasikia inamwagwa. Akarudi akalichukua dumu, nalo akalimwaga lote. Aliporudi mara ya pili alimtemea Marcelino mate kifuani, baraka yetu ya kale, akaweka kiganja palepale juu ya shati na hakukiondoa upesi. Mume wangu analia, mimi nalia, na yule mjomba wa kuguna naye analia.

"Chukua begi lake, Mama Vicky," shangazi akaniambia. "Kaka yangu nilimzika. Huyu simziki."