Siku Malkia Aliponikana

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana nikinyamaza Mama Njeri ataisimulia, na yeye huongeza chumvi.

Mnakumbuka corona ilivyofunga mahoteli? Maziwa yangu yote yalikuwa yakienda hoteli moja kule Kitale, ikafungwa, nikabaki hapa Naitiri nikiwagawia majirani bure, mpaka nikaona sina la kufanya ila kumwuza Malkia, ng'ombe wangu wa pekee, na dalali wa Chwele alikuwa ameshakuja kumwangalia. Nililia, sifichi. Ndipo tukasikia serikali inatoa pesa kwa wakulima walioumizwa na corona, na maafisa watapita boma kwa boma.

Hapo akili ikanidanganya. Nikajiambia, mtu mwenye ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, atahurumiwa na nani? Asubuhi nikamkokota Malkia hadi kwa jirani yangu Mama Njeri, nikamfungia zizini mwake, nikamwambia, "Ukiulizwa, sema ni wako." Kisha nikavaa koti kuukuu la marehemu mume wangu (lilikuwa stoo miaka, linanuka moshi na panya) juu ya petikoti tupu, nguo nzuri isionekane, na barakoa usoni. Nilikuwa maskini kamili, bana.

Afisa, mama mmoja mpole, akaja na mzee wa mtaa, ambaye kijana wake ndiye aliyemwoa binti yangu.

"Mama, uko na ng'ombe wangapi wa maziwa?"

"Sina hata mmoja," nikajibu kwa sauti ya msiba.

Akafunga kalamu. "Pole sana. Hii pesa ni ya wale walikuwa wanauza maziwa wakakosa soko."

Jamani! Nikawafuata mbio hadi kwa Mama Njeri, nikipiga kelele kwamba ng'ombe yule ni wangu.

"Ni wangu," Mama Njeri akasema, mkavu kabisa. Nikamkonyeza. Akashangaa, "Si wewe umeniambia niseme hivyo?"

Afisa akachoka nasi. "Mwenye ng'ombe amkamue tuone."

Nikaingia na ndoo. Malkia akanusa lile koti, akaruka, akapiga ndoo teke, nami nikakaa kwenye samadi. Watu walishajaa (ile mita moja ilisahaulika).

"Aii, hii ng'ombe haijui wewe kabisa!" mzee wa mtaa akasema.

Afisa akageuka kwenda zake, na mimi akilini nikamwona dalali akimpakia Malkia kwenye pikapu. Nikavua koti, nikatupa barakoa, nikasimama na petikoti mbele ya mzee wa mtaa, mkwe wangu, ambaye kwa mila zetu hata kupita karibu naye ni kwa heshima. "Malkia, mama, njoo." Akaja mwenyewe, akanilamba shingo, akatulia, nikamkamua huku nalia na watu wanacheka.

Mzee wa mtaa alikuwa ameshageukia ukuta. "Andika huyu mama haraka aende avae!"

Afisa akaniandika huku akijifuta machozi ya kicheko. Pesa zilikuja, dalali akarudi Chwele mikono mitupu, hoteli ikafunguliwa, na Malkia amenizalia mtamba.

Siku hizi afisa yeyote akiingia kwangu namwonyesha kila kitu, mpaka paka. Mkwe akinisalimia bado huangalia mawingu kana kwamba anatafuta mvua. Acha aangalie. Nilikaribia kumpoteza Malkia kwa kujifanya sina kitu, na hiyo sirudii.