Gari Lililokaa Kwenye Sebule ya Mama

Mama aliomba kitu kimoja tu kwa siku ya kufa kwake, na alikisema waziwazi mbele yetu sote: alazwe sebuleni kwake. Kwetu marehemu akitolewa mochwari huletwa nyumbani, jeneza likawekwa sebuleni, na wanawake wakakaa chini kwenye mikeka kulizunguka, wakisali rozari na kuimba mpaka saa ya kwenda kanisani. Mama, Walburga, alikuwa amekaa kwenye mikeka ya watu wengi hapa Mjimwema. Hakuna msiba wa jumuiya uliompita. Na kila aliporudi kutoka msibani alisimama kwenye mlango wa korido, akaitazama sebule yake, akaguna. Sebuleni kwake lilikuwa limekaa gari.

Nieleweke vizuri. Sisemi gari lilikuwa uani, wala pembeni ya nyumba chini ya turubai. Lilikuwa sebuleni, pale ambapo watu wengine wana makochi na kabati la vyombo, na lilikuwa limejaza chumba kiasi kwamba ukitaka kufungua dirisha unapita kwa ubavu.

Baba yangu, Selestine, ni fundi makenika. Gereji yake ya Majengo inajulikana na kila mwenye gari bovu katika mji huu. Walipokuwa wanajenga barabara ya lami kutoka Makambako, mimi sijazaliwa, alikuwa fundi wa magari ya kampuni kambini, na kulikuwa na Mwingereza mmoja mhandisi aliyekuja na gari lake la starehe alilolinunua Nairobi. Aina yake Marcos. Gari la mashindano, jekundu, fupi kwenda juu kiasi cha kiuno cha mtu mzima, bodi ya faiba na chesisi ya mbao. Ndiyo, mbao. Plaiwudi zilizogundishwa tabaka kwa tabaka. Waliolitengeneza walikuwa watu wachache huko kwao, na kampuni yao ilikufa zamani. Kiti chake hakisogei mbele wala nyuma. Mwenye miguu mifupi husogezewa pedali. Baba alikuwa anaeleza habari za pedali kwa kila mgeni, hata kwa padre aliyekuja kubariki nyumba na akalazimika kuibariki akiwa amesimama korido.

Mhandisi alipoondoka alimwachia Baba lile gari. Baba husema alipewa zawadi kwa uaminifu wake. Mimi nasema mzungu aliona gharama ya kulirudisha kwao haina maana akalitupa, ila alilitupa kwa adabu.

Siku aliyokabidhiwa alimpitia Mama, wakiwa maharusi bado, akamlaza kwenye kile kiti, maana ndani ya gari lile hukai, unalala. Wakaenda mpaka njia panda ya Peramiho na kurudi. Mama alisema aliona mawingu na nyaya za simu tu, barabara hakuiona kabisa, na alicheka njia nzima. Hilo nampa Baba, sitamnyima. Karibu na nyumbani klachi ikafa, wakasukumwa na watoto, na gari lile halikutembea tena.

Hapo ndipo ninapokasirika. Baba huyu huyu ameshafunga gia boksi ya lori kwenye basi, na ameshachonga bushi kwa mpira wa kandambili mtu akafika Tunduru salama. Kwa magari ya watu hashindwi. Lakini kwa hili alisema hawezi kulichanganyia damu, anataka spea yake halisi. Akamwagiza kila aendaye Dar, kila aendaye Nairobi. Spea ya kampuni iliyokufa! Wezi walipoiba taa moja, akaliingiza sebuleni kupitia mlango mpana aliokuwa ameuacha kwa mbele, akasema ni kwa muda tu, mpaka ajenge banda. Halafu akauziba ule mlango kwa tofali za kuchoma. Kuanzia hapo nyumba yetu tukaiingilia kwa nyuma, kupitia jikoni.

Washenga wangu walipokuja kunichumbia mvua ilikuwa inanyesha, wakakaa kibarazani na miavuli. Mama alikuwa anawapikia huku machozi yanamtoka, na alisema ni moshi.

"Baba Devota," alikuwa anamwambia, "hilo gari lina mchwa. Naziona njia za udongo ukutani."

"Wewe unatafuta sababu ya kupata sebule," Baba anamjibu.

"Basi lete hata oili chafu, tupake."

"Oili chafu ni ya nguzo za choo, Mama Devota. Lile ni Marcos."

Na kweli pale gereji aligawa oili chafu bure kwa mtaa mzima, watu wakapaka nguzo za uzio na za mabanda ya kuku. Nyumbani haikufika hata kopo moja.

Mwezi wa tatu mwaka jana Mama alizidiwa. Kiuno kilikuwa kimemtesa kama miaka miwili, halafu yakaja mengine. Kabla hatujampeleka hospitali alimshika Baba mkono, mimi nikiwepo, akasema, "Sitaki kulazwa kwa watu." Baba akasema atalitoa. Aliapa. Tulikaa hospitali siku kadhaa, na kila nilipomuuliza Baba kama ameanza kubomoa alisema anatafuta mbao za kulitelezeshea.

Mama alipofariki, mdogo wake, Mjomba Pankrasi, alifika nyumbani asubuhi na mapema akiwa na sululu. Wanaume wa jumuiya walikuwa tayari. Baba akaenda akasimama kati yao na ule mlango uliozibwa.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Tofali zikiangukia ndani zitavunja kioo. Kile kioo hakipatikani tena duniani."

"Shemeji," Mjomba alisema, "dada yangu yuko njiani."

"Nipeni mpaka kesho nilitoe taratibu."

"Kesho tunazika, shemeji."

Baba hakutoka. Alikuwa analia, kamasi zinamtiririka, ameishika ile sululu kwa mikono miwili na haiachii. Wanaume walitazamana. Nani atamsukuma mfiwa? Simu ikapigwa kwamba gari la mochwari limeshapita Majengo.

Jirani yetu Mzee Twaha ndiye aliyetuokoa na ile aibu. Ni Myao wa Nakapanya, na yeye na Baba ni watani wa siku nyingi. Alikuja kwenye uzio akasema, "Mleteni kwangu. Mke wangu ameshatoa makochi."

Basi Mama akalazwa kwa watu. Akalazwa kwenye sebule ya Kiislamu, chini ya kalenda yenye picha ya Al-Kaaba, na akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na sare zao wakasali rozari pale, na mke wa Twaha akakaa nao mkekani tangu mwanzo hadi mwisho. Walitutendea wema ambao sitausahau. Lakini nilikaa nimeegemea lile jeneza nikiisikia sauti yake kichwani, sitaki kulazwa kwa watu, sitaki kulazwa kwa watu, na nilimchukia baba yangu. Nasema hivyo hivyo ilivyo.

Tulipotoka makaburini, watu wakala chini ya turubai. Msiba wetu bila mtani haukamiliki, na mtani msibani hakatazwi neno. Twaha aliingia katikati akiwa amevaa overoli ya Baba ya gereji. Akalala chali kwenye vumbi, akashika sinia kama usukani, akaanza kuunguruma.

"Piii! Mpisheni mzee!" alipiga kelele. "Nyie, mbona halitembei? Lete spea ya Ulaya!" Watu wakaanza kucheka. Akanyanyua kichwa, akamtazama Baba. "Selestine, mkeo amekukimbia. Jana kalala kwangu, mimi fukara nisiye hata na baiskeli. Nilimuuliza, shemeji, kwako hakuna nafasi? Akasema, kwangu pana mke mwenzangu mwekundu."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mjomba Pankrasi alicheka. Baba, kwa desturi, hakuruhusiwa kukasirika. Alimpa mtani hela yake ya utani, akainama.

Siku ya kuanua matanga, ndugu wakiwa bado wamejaa uani, tulisikia kishindo mbele ya nyumba. Baba alikuwa anabomoa ukuta peke yake. Hakusema ngoja wala taratibu. Tofali ziliangukia ndani, nyingine juu kabisa ya gari, na kile kioo kisichopatikana tena duniani hakikupata hata ufa.

Wanaume wakaingia kulibeba, Twaha akiwa mbele. Wakahesabu moja, mbili, tatu, wakanyanyua. Upande wa mbele ukaja. Upande wa nyuma ukabaki chini. Bodi ya faiba ilipasuka katikati, na kutoka chini ya viti ukamwagika unga wa mbao uliochanganyika na udongo, debe kwa debe, na mchwa weupe wakitawanyika kwenye sakafu. Chesisi ilikuwa imeliwa ikaisha. Kilichokuwa kinalisimamisha lile gari ni rangi. Twaha akatoka nje bila kutania.

Baba alipiga magoti. Upande ule wa mlango wa korido ubao mmoja wa chesisi ulikuwa mzima, mgumu, ukigonga unalia. Na sakafuni chini yake kulikuwa na majivu, yamerundikwa kwa mstari, ya zamani, yameshikana.

"Haya majivu nani kaweka?" aliuliza.

"Nani mwingine?" nilimjibu. "Kila Jumamosi alikuwa anachota jikoni na kumwaga, kuzuia mchwa. Alimwaga mpaka pale mkono wake ulipofika. Kiuno kilipomkataa, akaacha."

Aliyachota yale majivu kwa viganja viwili. Mabaki tuliyatoa kwa toroli, sakafu nikaipiga deki, na kufikia alasiri ilikuwa sebule: kubwa, yenye mwanga, inayotosha jeneza na mikeka na jumuiya nzima na nafasi ya mtu kupita. Baba alikuwa amebakiwa na kile kiti kisichosogea. Alikikalia katikati ya chumba, miguu ameinyoosha.

"Devota," alisema, "mimi nikifa msinilaze humu. Nipelekeni kwa Twaha."

Nilikamua tambara kwanza. Halafu nikamwambia hapana, atalazwa humu humu, katikati, na mlango huu mkubwa nitauacha wazi, ili kila anayeingia aone jinsi nafasi ilivyokuwa inatosha.