Miayo ya Dobi

Dobi alipiga miayo mkewe akikata roho. Mama mkwe, aliyekaa upande wa pili wa kitanda cha hospitali, aliuona mdomo ule ukifunguka mpaka magego, na tangu hapo hakumwita tena mwanangu.

Usingizi hakuwa nao hata chembe. Alikuwa na hofu. Wengine wakiogopa hutetemeka, wengine tumbo huwaendesha, yeye hupiga miayo. Alipokuwa mdogo, baba yake akivua mkanda tu, miayo humjia mfululizo, na kila mwayo ulimzidishia kipigo. Mkewe peke yake ndiye aliyeijua siri hiyo. Akiona anapiga miayo mbele za watu, humshika mkono na kumnong'oneza, "Unaogopa nini, mume wangu?" Sisi wengine, Mungu atusamehe, tuna kiherehere cha kusoma nyuso za watu kana kwamba tumesomea.

Kazini alikuwa salama. Ni dobi wa kizamani, nguo anazinyunyizia kwa mdomo: hujaza maji kinywani, mashavu yakavimba, kisha hulipulizia shati kabla ya kupitisha pasi. Mwenye maji kinywani hapigi miayo. Hilo alilijua vizuri, na ndilo lililomponza.

Mwezi haukuisha tangu mazishi, mama mkwe akaja na kijana wake kumchukua mjukuu. Walikaa kwenye benchi la wateja. Mtoto, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kujifunga vifungo mwenyewe, alicheza kwenye rundo la mashuka. Dobi hakuwa na kitu kingine duniani. Akahisi taya zinaanza kuvutika. Haraka akanyanyua jagi la kazini, akajaza kinywa, akatulia.

"Shemeji, hatukuja kugombana," kijana alisema. "Mama anataka mtoto akae kwake. Lakini baba yake ni wewe. Ukisema unamtaka, sisi tunaondoka zetu."

Dobi akamtazama, mashavu yamejaa.

"Si unaona anavyotununia?" mama mkwe alisema. "Mke wake anakufa, yeye anapiga miayo. Leo hata kutujibu hataki."

"Subiri, mama. Shemeji, neno moja tu. Unamtaka?"

Dobi akayameza maji yote kwa mkupuo. Akafungua kinywa aseme, na mwayo ukatoka, mrefu, wa kumtoa machozi. Akajaribu tena. Wa pili ukampata neno likiwa kwenye ulimi.

Kijana aliinamisha kichwa. Alikuwa amemtetea shemeji yake njia nzima, na sasa aliona aibu kwa niaba yake. "Basi, mama," alisema. "Mchukue."

Mama mkwe alimvisha mtoto viatu bila haraka. "Tunakuacha ulale," alimwambia dobi.

Mlangoni mtoto aligeuka. Akamwona baba yake ameuziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yamemtoka. Akadhani ni mchezo. Naye akauziba wake, akacheka, akavutwa mkono wakaondoka.

Walikuwa wameshavuka barabara taya zilipomlegea.

"Namtaka," dobi alisema. Neno lilitoka laini, bila taabu yoyote, na mle chumbani hamkuwa na mtu wa kulisikia.